Motor za mitumbwi: si uzee unaoua, ni kuondoka bila kupima

Kwa Golf, mjini Lubumbashi, umeme ukikatika mangaribi, grupu zinaanza kulia, parsele moja baada ya nyingine. Moja ikikataa kuwaka, mwenyewe anatosha buji, anaipanguza, anavuta kamba tena. Ikishindikana kabisa, familia inakula mu giza na asubuhi fundi anaitwa.

Samaki walio kwenye sahani hiyo, mara nyingi wametoka Kasenga, kwenye mto Luapula, ao Kilwa na Pweto, kwenye Ziwa Mweru. Kule pia watu wanategemea motor ya esanse, yenye buji na karburateri kama ya grupu. Tofauti ni moja tu: ikizimika katikati ya maji, hakuna fundi wa kungojea mpaka asubuhi.

Ajali za majini zinapozungumzwa, kama ile ya mashua Merdi iliyozama karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, raia wanataja kwanza watu na mizigo kupita kipimo. Ni haki. Lakini motor iko ndani ya hesabu hiyo. Mtumbwi wenye motor inayotembea unaweza kuelekeza mdomo wake kwenye mawimbi. Motor ikikufa, mtumbwi unageuka ubavu, maji yanaingia, na uzito unamaliza kazi.

Kwa nini motor za zamani haziishi

Wengi wanasema: "Tosheni hizo motor za zamani, leteni mpya." Si rahisi hivyo. Motor hizi nyingi ni za mapigo mawili, zile ambazo mafuta ya motor yanachanganywa na esanse ndani ya bidoni. Hazina ordinateri. Zinawashwa kwa kamba. Mtu mwenye funguo chache, turnevisi na akili anaweza kuzifungua kwenye mchanga na kuzirudisha. Njo maana Yamaha wanaendelea kutengeneza aina ya Enduro kwa ajili ya nchi kama zetu, wakati Marekani na Ulaya, kwa sheria zilizoanza kufanya kazi kati ya 1998 na miaka ya 2000, ziliondoa sokoni motor mpya za karburateri za mapigo mawili.

Sababu ya sheria hizo inatugusa pia. Motor ya namna hiyo inaweza kutupa inje karibu robo ya esanse bila kuiunguza. Kwa bidoni ya litre 20, ni kusema mpaka litre 5 zinaenda majini: feza ya mvuvi, ndani ya maji ambayo watoto wanateka na kunywa. Motor ya mapigo ine inakula kidogo, lakini ni nzito zaidi, na zile za kisasa zinapoharibika zinadai ordinateri ili kujua ugonjwa. Kwa hiyo mvuvi anachagua kati ya motor inayokula sana lakini inatengenezeka kijijini, na ile inayokula kidogo lakini ikikataa, inalala mpaka fundi wa mji afike. Wengi wanachagua ya kwanza, na wako na sababu.

Jambo moja la kuangalia ni pyesi. Kiwanda cha Evinrude kiliacha kutengeneza motor mwaka 2020, na jina la Johnson lilikuwa limekwisha kuondoka sokoni mbele ya hapo. Anayenunua motor ya majina hayo kwa bei ya chini ajiulize kwanza atatosha pyesi wapi.

Magonjwa yanayojirudia

La kwanza ni mafuta. Motor nyingi zinaomba litre 1 ya mafuta kwa litre 50 za esanse, ni kusema mililita 400 kwa bidoni ya 20. Motor za zamani sana zinaomba 1 kwa 25, mara mbili ya hapo. Kuchanganya kwa macho, ao kupunguza ili kuchunga feza, ni kununua pistoni mpya polepole. Tena mafuta yawe ya motor za majini, yenye alama TC-W3, si yale ya pikipiki.

La pili ni maji ya kupooza. Ndani ya mguu wa motor kuna turbini ndogo ya mpira inayovuta maji na kuyapandisha juu. Motor nzima "inakojoa": maji yanaruka kwa nguvu kwenye kitundu cha nyuma. Ikiacha kukojoa, zima mara moja. Inaweza kuwa nyasi ao mchanga umeziba, ao turbini imekwisha. Na wanaowasha motor inchi kavu ili kumuonyesha mnunuzi wanaiua wenyewe, maana mpira huo unaungua kwa muda mufupi bila maji. Motor ipimwe ndani ya pipa lililojaa.

La tatu ni esanse chafu. Mimina kidogo ndani ya chupa nyeupe, ngojea: maji yanakaa chini, esanse inabaki juu. Na motor inayotembea dakika chache kisha kuzimika, mara nyingine haina ugonjwa. Ni kitundu cha hewa cha tanki ambacho kimesahaulika kufunguliwa.

La ine ni mafuta ya gia, chini kabisa. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Mpira wa kuzuia maji ubadilishwe kabla meno ya gia hayajaisha.

Pale mkono wa nyumbani unapaswa kuacha

Kusafisha buji na karburateri, kubadilisha turbini, kubadilisha mafuta ya gia: mwenye mtumbwi anaweza kuvijifunza. Hata motor iliyoanguka majini inaweza kupona ikifunguliwa siku ile ile: tosha buji, mwaga maji, osha kwa maji safi, tia mafuta ndani ya silinda, kisha iwashe. Ikilala siku tatu, kutu imekwisha kuingia.

Lakini kufungua silinda, kupanga gia, ao kusoudea elisi iliyovunjika inataka fundi mwenye vipimo. Elisi isiyo sawasawa inatetemesha mguu wote na kuua mipira ya ndani. Na kukata kamba ya usalama inayofungwa kwenye mkono wa dereva si kutengeneza hata kidogo. Kamba hiyo inazima motor mtu akianguka, ili chombo kisimrudilie na elisi.

Kosa kubwa zaidi linakuja kisha kazi: motor inawaka, watu wanafurahi, na safari ya kwanza inafanywa na abiria wote. Motor iliyotoka kufunguliwa izunguke kwanza karibu na ukingo, nusu saa, bila mzigo. Na hata iliyo mpya isiondoke bila kasia, nanga, buji ya akiba, funguo yake, na jile kwa kila mtu.

Hapa wakubwa wa bandari na vyama vya wavuvi wako na kazi. Ukaguzi usiishie kwenye karatasi na malipo: kuangalia kama motor inakojoa ni kazi ya dakika moja. Na chama kinaweza kununua turbini na buji za aina mbili tatu zinazotumika zaidi, ili mtu asilazimike kufunga kwa waya kile kilichopaswa kubadilishwa.

Wakati upo. Upande wa Zambia, uvuvi wa Mweru na Luapula unafungwa kila mwaka kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Miezi kama hiyo, nyavu zikiwa zimeanikwa, njo ya kufungua motor na kuipima. Siku ya zoruba itakuwa imechelewa.