Abiria apewe nusu saa ya supu

Abiria wa basi la masafa marefu anastahili nusu saa ya kula, na anastahili kushushwa mahali anapoweza kuchagua chakula chake. Nasema nusu saa kwa sababu bakuli la supu ya kongoro, chapati mbili na zamu ya chooni haviwezi kuingia kwenye dakika kumi tunazotangaziwa na makonda wengi kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Dakika hizo hazimtoshi mama mwenye mtoto mgongoni. Hazimtoshi mzee anayeshuka ngazi za basi kwa kushikiliwa mkono, wala mgonjwa wa kisukari anayepaswa kula kwa wakati.

Barabara hii nilianza kuijua nikiwa utingo wa lori la baba mdogo. Tulipandisha mbolea, tukashusha mahindi. Baba mdogo alikuwa mtu wa ratiba, na katika ratiba yake Makambako palikuwa pa supu. Mji ule uko juu, kwenye njia panda ya kwenda Njombe na Songea, na alfajiri za Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Alikuwa anazima injini, anavaa koti, anamsalimia mama mpishi "Kamwene", kisha anaagiza: "Mama, kongoro mbili, na huyu kijana muongezee mchuzi." Alilishika bakuli kwa mikono miwili mpaka vidole vikapata uhai. Alipomaliza ndipo alipozunguka lori kukagua matairi. Hakuwahi kuniruhusu nianze na matairi. Alisema macho ya mtu mwenye njaa hayaoni msumari.

Mama yule aliniruhusu nikae jikoni kwake niote moto, nikaona kazi ilivyo. Miguu ya ng'ombe ilifika jioni. Aliichoma motoni mpaka manyoya yakateketea na kwato zikang'oka, akaikwangua kwa kisu mpaka weusi ukaisha, akaiosha, kijana wake akaikata vipande kwa shoka. Ikaingia kwenye sufuria kubwa na maji. Ilipochemka mara ya kwanza alisimama na upawa kuengua povu, hakubanduka mpaka mchuzi ukatakata. Baada ya hapo alipunguza kuni, akafunika, akaiacha ichemke taratibu usiku kucha. Maji ya kuongeza yalikuwa ya moto siku zote, kutoka birika la pembeni. Tangawizi na vitunguu saumu vilitwangwa usiku huohuo, na chumvi ilikuja mwishoni.

Kufikia alfajiri kano zilikuwa zimelainika, nyama ikiachia mfupa kwa kuguswa na kijiko, na mchuzi umekuwa mzito bila unga wala kiungo cha pakiti. Uzito ule unatoka kwenye ngozi na kano zenyewe zinapochemka kwa saa nyingi. Ukinywa, midomo inanata. Unakamulia ndimu, unapondea pilipili kichaa moja, unachovya chapati. Mtu akila hivyo saa kumi na mbili asubuhi anafika Mbeya hajaulizia chakula tena.

Huo ndio mlo ambao mabasi yetu yanaupita kwa kasi. Safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Unapita Morogoro, unakata Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo uliowekwa wa kilomita 50 kwa saa, unapanda Kitonga, unaiacha Iringa, Mafinga, ndipo Makambako. Kote huko kuna mama lishe na baba lishe wanaopika supu, ndizi, wali na maharage. Lakini basi linaingia kwenye hoteli moja iliyokwisha kubaliana na mwenye basi au dereva. Dereva na konda wanahudumiwa chumba cha pembeni. Abiria hamsini wanapanga foleni mbele ya kabati la kioo lenye chipsi na vipande vya kuku, bei iko juu kuliko ya mtaa wa pili, na hakuna pa kwenda kwa sababu honi imeshaanza kupigwa. Wengi wananunua soda na biskuti, wanarudi kwenye viti vyao. Kama kuna choo, foleni yake inakula muda uliobaki. Kama hakuna, tunaambiwa tukachimbe dawa porini, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine.

Wapo wanaosema hoteli ya basi ni safi na kibanda cha supu ni kichafu. Usafi unapimwa kwa vitu vinavyoonekana. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa. Supu iliyo jikoni inachemka mbele ya macho yako, inatoka kwenye sufuria hadi kwenye bakuli ikitoa mvuke. Kuku aliyekaangwa mapema akawekwa kabatini hana joto hilo. Mahali kibanda kinapopungukiwa ni kwenye maji ya bomba, choo na mahali pa kumwaga maji machafu. Mpishi hawezi kujijengea hayo peke yake kando ya barabara kuu, lakini halmashauri inayomtoza ushuru inaweza.

Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mama lishe wengi walilipa wakavichukua. Lilikuwa jambo jema kutambuliwa. Lakini kitambulisho hakina paa wala bomba. Kwa upande mwingine, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu ziachwe wazi kama hifadhi, na sababu zake za usalama nazikubali kabisa. Lori likikosa breki, kibanda kilicho ukingoni mwa lami ni kaburi. Kwa hiyo mpishi asogezwe, ila asogezwe kwenda mahali ambapo basi litasimama. Akipelekwa uwanja wa nyuma usiopitwa na mtu, tumemfungia biashara.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya marufuku. Sasa basi lililotoka Dar es Salaam jioni linafika nyanda za juu alfajiri, na abiria wake wamekaa wamekunja magoti usiku mzima. Dereva naye amekodolea macho taa za malori kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo saa ambayo supu imeiva. Kusimama nusu saa hapo, watu wakashuka, wakanyoosha miguu, wakanawa uso na kula kitu cha moto, ni sehemu ya usalama wa safari sawa na kukagua breki.

Wenye mabasi watasema nusu saa inachelewesha. Nimesafiri na mabasi haya vya kutosha kujua muda unakopotea: kwenye kupakia magunia njiani, kumngoja abiria aliyepiga simu kuwa yuko karibu, kubishana juu ya nauli ya mzigo. Dakika ishirini za ziada za kula zinaweza kupatikana humo bila basi kukimbizwa hata kidogo.

Ninachoomba kinawezekana. Tiketi iandike mji ambao basi litasimama kwa chakula na muda litakaokaa, kama inavyoandika saa ya kuripoti. Halmashauri za Mafinga, Makambako na miji mingine ya njia hii zitenge eneo nje ya hifadhi ya barabara lenye paa, maji, vyoo na taa, na wapishi waliokwisha kuwepo wapewe nafasi kwanza, kwa kodi wanayoimudu. Mamlaka inayotoa leseni za mabasi ipige marufuku makubaliano yanayomlazimisha abiria kula hoteli moja.

Na sisi abiria tusingoje kanuni. Unapokata tiketi, muulize wakala: tunakula wapi, na kwa dakika ngapi? Akikosa jibu, nenda dirisha la pili ukaulize hilohilo. Kampuni itakayokuwa ya kwanza kujibu "nusu saa, na mtachagua wenyewe" ipewe nauli zetu.