Usingoje Macho Yageuke Manjano

Mpenzi msomaji, leo tuketi kitako tuzungumzie kiungo ambacho wengi wetu hukikumbuka tu tunapopita buchani: ini.

Chukua mfano wa utingo wa matatu anayeishi hapa Kiuu na kufanya kazi Githurai 45. Kwa wiki mbili sasa anaamka akiwa hoi kana kwamba hakulala. Chakula hakimpendezi, harufu ya mafuta ya kukaangia inamtia kichefuchefu, na jioni mwili una joto kidogo. Bila shaka atasema ni malaria. Ataingia duka la dawa, anunue vidonge, avimeze, kisha arudi kuning'inia mlangoni. Huenda ikawa malaria kweli. Lakini pasipo kupimwa damu, si yeye wala muuza dawa anayeweza kujua.

Hapo ndipo penye hatari. Ini ni kiungo kivumilivu. Laweza kuharibika kwa miaka mingi bila kumwuma mwenyewe. Wengi hungoja macho yawe manjano ndipo wakimbilie hospitali, kumbe zipo dalili zinazoweza kutangulia.

Mbali na uchovu na kukosa hamu ya chakula, tazama mkojo wako. Je, ni mweusi kama chai ya mkandaa hata siku uliyokunywa maji ya kutosha? Choo kimepauka kama udongo mweupe? Mwili unawasha pasipo vipele? Unahisi uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia? Kisha mwambie mwenzako akutazame weupe wa macho nje, kwenye mwangaza wa mchana, kwani taa ya nyumbani yaweza kuficha umanjano. Ukiziona dalili hizi, nenda hospitalini ukaombe vipimo vya ini. Na ikiwa tumbo limejaa maji, mgonjwa anatapika damu au anapayukapayuka, asilale nyumbani hata usiku mmoja.

Usidhani haya ni ya walevi peke yao. Ni kweli pombe huliharibu ini. Lakini mwaka wa 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliwasumisha watu 317 nchini Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui, lakini hata wilaya ya Thika ya wakati huo, ambayo Ruiru ilikuwa sehemu yake, ilipata wagonjwa. Sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, hushambulia ini, nayo haiishi kwa kupikwa. Kwa hivyo mama, mahindi yenye unyevu au ukungu usiyasage, hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kuna pia hepataitisi B, virusi vinavyoambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Watoto wachanga nchini walianza kuchanjwa mwaka wa 2001. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, yamkini hukuipata chanjo hiyo. Omba upimwe, na ukiwa huna virusi, uchanjwe.

Mwisho, tahadhari na hizo dawa za kujinunulia. Paracetamol ni dawa nzuri, lakini ikizidi huliua ini. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mnywaji wa pombe amwulize daktari kwanza, maana kiasi chake ni kidogo zaidi. Soma pia dawa zako za mafua. Nyingi zina paracetamol ndani yake.

Yule utingo wetu akienda kupimwa leo, huenda akapoteza mapato ya siku moja. Akingoja macho yageuke, huenda familia yake ikampoteza yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wewe je, msomaji, umeutazama mkojo wako asubuhi ya leo?