i7 si uchawi: vijana wa Lubumbashi, acheni kununua jina la kompyuta

Kuna udanganyifu unaoendelea hapa Lubumbashi mchana kweupe, na sisi wote tunauita bahati mbaya. Kijana anakusanya makuta miezi sita, minane. Anaenda mujini kutafuta kompyuta ya michezo. Anarudi Katuba ao Ruashi na mashine yenye karatasi ya i7 mbele na taa za rangi ndani. Mwezi haujaisha, mashine inazimika yenyewe katikati ya mechi, ao haiwaki tena. Majirani wanamwambia: pole, ni umeme wa kwetu. Mimi nasema hapana. Umeme wa kwetu una makosa yake, na nitayafikia. Lakini makuta ya huyo kijana yalipotea siku ile ya kununua, kwa sababu alinunua jina.

Kuna wazazi watakaosema hayo ni mambo ya watoto wasio na kazi. Wanakosea. Katika kartie zetu kompyuta moja yenye kuchezesha mpira vizuri ni kazi ya mtu. Jioni watoto wanalipa kwa mechi. Asubuhi mashine ileile inaandika barua za kuomba kazi, inatia filamu kwenye simu za watu, inapanga video za ndoa. Mwenye kuinunua mara nyingi ametumia zamu yake ya likelemba, ao amekopa kwa mjomba. Ikiungua, deni linabaki. Kwa hiyo tuongee kama watu wanaoongea juu ya shamba ao duka.

Uongo wa kwanza ni huu: "i7 ni i7." Hakuna neno lililowatajirisha wauzaji wabaya kuliko hilo. i7 ni jina la familia, na familia hiyo ina mababu na wajukuu. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata. i7-870 ni ya mwaka 2009. i7-2600 ni ya 2011. i7-3770 ni ya 2012. Ukiona namba nne baada ya i7, ile ya kwanza ni kizazi: 2600 ni kizazi cha pili, 3770 ni cha tatu, 8700 ni cha nane. Zikiwa tano, soma mbili za kwanza: 10700 ni kizazi cha kumi.

Sasa sikia jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Prosesa i3-10100 ya mwaka 2020 ina viini 4 na nyuzi 8, sawasawa na i7-2600. Lakini inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo, na kwenye michezo inaiacha ile i7 nyuma kabisa. Yaani mjukuu mwenye jina dogo anamshinda babu mwenye jina kubwa. Tena Windows 11 inataka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha nane ao zaidi, na Windows 10 ilimaliza kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayekuuzishia i7 ya kizazi cha pili leo kwa bei ya mashine mpya anakuuzishia karatasi ya kubandika.

Sisemi kwamba mashine za zamani ni mbaya. Kwa mtu mwenye makuta kidogo, kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya ao Marekani ni msingi mzuri sana. Ubaya ni ginsi tunavyoiongezea nguvu. Nichukue mfano mmoja: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile kubwa ya kusimama. Tuseme ndani kuna i5-3470, bareti moja ya RAM ya GB 4, na diski ya kawaida ya kuzunguka. Kijana anataka acheze GTA V na mpira bila picha kukatika. Atafanya nini?

Muji mzima utamwambia: toa hiyo i5, weka i7-3770. Huo ni ushauri wa kumaliza makuta. Mashine haina kadi ya grafiki. Picha zinachorwa na prosesa yenyewe, na hapo ndipo inaposhindwa. Ukiongeza i7 bila kadi, utaona tofauti ndogo sana, na mfuko utakuwa mtupu.

Mwingine atamwambia: weka RX 580, ina GB 8. Hapo tufanye hesabu, maana hesabu haina rafiki. Alimantasio ya hiyo OptiPlex, yaani kile kisanduku chenye kupokea umeme wa ukutani na kuugawia vyombo vya ndani, ni ya wati 275. Prosesa i5-3470 imepimwa wati 77. RX 580 imepimwa wati 185. Jumla ni 262, na hatujahesabu diski, feni wala ubao wenyewe. Isitoshe, kadi hiyo inataka waya wake wa umeme wenye pini 8, na alimantasio ya Dell hiyo haina waya kama huo. Fundi asiye na aibu atachukua waya wa diski na kuugeuza kwa adapta. Waya wa diski haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Unapata moto, plastiki inayeyuka, na siku ikiungua utaambiwa ni delestaji.

Kinyume chake, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ao GTX 1650 ya mwaka 2019 zimepimwa wati 75, na wati 75 ndizo nafasi ya kadi kwenye ubao inaruhusiwa kutoa. Nyingi hazitaki waya wowote wa ziada. 77 na 75 ni 152. Alimantasio inabaki na pumzi. Kwa hiyo kijana wetu anunue kadi hiyo, aongeze bareti ya pili ya GB 4 ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili, na makuta yakibaki anunue SSD ndogo. SSD haiongezi picha kwa sekunde. Inapunguza kungoja, na mwenye kulipisha kwa mechi anajua kungoja ni hasara. Prosesa aiache hapo ilipo.

Aangalie tu ukubwa wa sanduku. OptiPlex 7010 ile nyembamba ina alimantasio ya wati 240, na kadi ya urefu wa kawaida haiingii. Inataka kadi fupi. Na asidhani kila alimantasio inaweza kubadilishwa: OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye ubao, mahali ambapo alimantasio za kawaida zina pini 24. Wangapi wamenunua alimantasio nzuri, wakafika nyumbani, plagi ikakataa?

Uongo wa pili ni kadi zenyewe. Kuna kadi zinazouzishwa kwa jina la GTX 1050 Ti, na ndani ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyobadilishwa programu yake ili idanganye Windows. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo kwa nguvu ni ndugu ya RX 570, kwani RX 580 ya kweli ina vichakato 2304. Kuna pia RX 6500 XT ya mwaka 2022, kadi halali, lakini imepewa njia 4 tu za kuongea na ubao. Kwenye ubao wa zamani inapoteza nguvu, na muuzaji hakuambii. Na tangu Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zimerudi sokoni zikiwa zimesuguliwa na kung'arishwa. Sisi watu wa inchi ya shaba tunajua mashine iliyotoka mgodini. Haikatazwi kuinunua. Lakini lori lililobeba mawe miaka mitatu halinunuliwi kwa bei ya lori la kanisa.

Sasa nije kwenye umeme. Alimantasio nyingi za okazyo zina kibonyezo chekundu nyuma, 115 ao 230. Kwetu umeme wa nyumbani ni wa volti 220. Ukichomeka mashine iliyotoka Marekani bila kusukuma kibonyezo hicho kwenye 230, itapiga mlio mmoja na kwisha. Hilo linaangaliwa kwa sekunde mbili, na hakuna wa kulisamehe kama ni fundi wa kulipwa. Halafu kuna jioni ambapo volti zinashuka mpaka taa inakuwa nyekundu, na kuna ule mpigo wa umeme unaporudi baada ya delestaji. Umeme ukienda, toa plagi ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache mpaka utulie. Hilo halilipwi. Kisha tafuta stabilizatere, na ukiweza, onduleri. Kwangu mimi, hivyo ni sehemu ya kompyuta. Mtu anayekupangia mashine ya michezo Lubumbashi bila kuhesabu umeme hajui muji anamoishi.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema: alimantasio na stabilizatere haviongezi hata picha moja kwa sekunde. Ni kweli. Hata msingi hauongezi chumba kwenye nyumba. Lakini hakuna aliyejenga kwa kuanzia bati.

Wa pili atasema: mnunulie PlayStation, yaishe. Kwa mtu anayetaka mpira tu, sitabishana naye. Lakini PlayStation haiandiki barua ya kuomba kazi, haipangi video ya ndoa, na ikifa kipande kimoja huwezi kukibadilisha kwa makuta ya wiki moja. Kijana wa kartie anahitaji mashine yenye kulipa asubuhi na jioni.

Wa tatu, na huyu ndiye ananikasirisha, atasema: maskini hana kuchagua, anachukua anachopata. Hayo ni maneno ya muuzaji aliyevaa nguo ya mwenye huruma. Tajiri akikosea atanunua nyingine. Maskini ndiye ana haki kuliko wote ya kufungua sanduku, kusoma namba, kujaribu na kukataa, kwa sababu hana mara ya pili.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya mzigo. Wanasema vitu vinafika vimefungwa, kwamba hata wao wameuzishiwa hivyo. Vizuri. Kufungua uniti santrali kunataka bisibisi na dakika mbili. Kusoma jina la kadi kwa programu ya GPU-Z ni dakika moja, na kadi nyingi za bandia programu hiyo inaziandika wazi kuwa ni za uongo. Muuzaji asiyetaka kupoteza dakika tatu juu ya dola 200 za mtu anajua anachoficha.

Ndiyo maana naomba jambo moja tu, na haliitaji serkali wala sheria mpya. Tusilipe bila faktire yenye namba kamili. Isiandikwe "i7", iandikwe i7-3770. Isiandikwe "kadi ya michezo"; iandikwe GTX 1650, GB 4. Ziandikwe wati za alimantasio. Ziandikwe siku za garanti. Na kabla makuta hayajatoka mfukoni, mashine iwashwe na mchezo uchezwe nusu saa palepale dukani, GPU-Z ikionyesha joto la kadi. Ikizimika dukani ni shida ya muuzaji. Ikizimika Ruashi ni shida yako.

Wauzaji waaminifu wapo, na faktire ya namna hiyo itawasaidia, kwa sababu leo wanashindwa bei na watu wanaouzisha karatasi za kubandika. Wale wengine watakasirika. Waache wakasirike. Wewe mdogo wangu unayengoja zamu yako ya likelemba, ukifika dukani na kuambiwa "hii ni i7", usitingishe kichwa. Uliza: i7 ya ngapi? Kama hana jibu, chukua makuta yako uende mlango unaofuata.