Mary Bryant na Wale Wasemao "Mwizi ni Mwizi"

Msomaji, nimepata kuwasikia walimu wenzangu wakisema kwamba habari za wafungwa hazifai kusomwa na vijana, kwa kuwa mwizi ni mwizi, na mwenye kutaka kumjua na aisome hukumu yake, basi. Neno hili lina sura ya hekima, nami nataka kulipinga. Nitalipinga kwa habari za mwanamke mmoja, maana jambo la namna hii likijadiliwa bila mtu halisi mbele yetu aghalabu hugeuka maneno matupu.

Mary Broad alizaliwa Fowey, mji mdogo wa bandari katika Cornwall, Uingereza. Mwezi wa Machi 1786 alisimamishwa mbele ya mahakama ya Exeter, akishitakiwa kwamba yeye na wenzake wawili walimvamia mwanamke njiani wakamnyang'anya kofia ya hariri na vitu vingine. Akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikapunguzwa, ikawa miaka saba ya kuhamishwa ng'ambo. Sisemi kwamba hakutenda kosa. Yule aliyevamiwa njiani naye alikuwa na haki yake, wala siwezi kumsahau ili nimpendeze msomaji.

Wapinzani wangu hukomea hapo. Sisi na tuendelee.

Tarehe 13 Mei 1787 merikebu 11 ziling'oa nanga Portsmouth, zimechukua wafungwa zaidi ya 700, kwenda kuanzisha koloni New South Wales, upande wa pili wa dunia. Mary alikuwa mja mzito. Akajifungua safarini mtoto wa kike, akampa jina la merikebu iliyowachukua, Charlotte. Walifika Januari 1788, na mwezi uliofuata akaolewa na William Bryant, mvuvi wa Cornwall aliyekuwa mfungwa kama yeye. Wakapata na mtoto wa kiume, Emanuel.

Itazame sasa hiyo miaka saba. Karatasi za hukumu za wafungwa hao hazikupelekwa pamoja nao, hata mtu aliyetimiza kifungo chake hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba amekitimiza. Na kama angethibitisha, nani angemlipia nauli ya kurudi kwao? Mashamba hayakustawi, posho ikapunguzwa, watu wakadhoofika kwa njaa. William alipogunduliwa akiuza samaki kwa siri alichapwa viboko 100.

Usiku wa tarehe 28 Machi 1791 Mary, mumewe, watoto wao wawili na wafungwa wengine saba waliichukua mashua ya Gavana wakatweka tanga. Walikuwa na dira na ramani walizozipata kwa nahodha mmoja wa Kiholanzi. Charlotte alikuwa na miaka mitatu. Emanuel alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Kwa siku 69 walisafiri kilomita zaidi ya 5,000, wakikumba maji mchana na usiku, hata wakafika Kupang, katika kisiwa cha Timor, bila kupotewa na mtu hata mmoja. Miaka miwili kabla yake nahodha William Bligh alikuwa amefika bandari ile ile katika mashua isiyo na sitaha, baada ya mabaharia wake kumwasi, na sifa zake zikaenea Uingereza nzima. Bahari ni ile ile, na ushujaa ni ule ule. Mmoja alipata heshima. Wa pili, siri yao ilipofichuka, walitiwa pingu.

Huko Batavia, ambako leo huitwa Jakarta, Emanuel alikufa tarehe 1 Desemba 1791, na baba yake akamfuata kabla mwezi haujaisha. Charlotte alikufa tarehe 6 Mei 1792 katika merikebu iliyokuwa ikimrudisha mama yake Uingereza, akazikwa baharini, hajatimiza miaka mitano. Niambieni, enyi msemao kwamba mwizi ni mwizi: mtoto huyu aliiba nini? Mahakama iliyomhukumu mama yake ilikaa kabla yeye hajazaliwa.

Mary akatiwa katika jela ya Newgate. James Boswell, mwandishi na mwanasheria, akamtetea, naye akapewa msamaha Mei 1793. Angalia tarehe hiyo vizuri: miaka saba ilikuwa imekwisha tangu Machi. Walimsamehe deni alilokwisha kulilipa.

Yote haya tunayajua kwa kalamu za wengine: makarani wa mahakama, maofisa wa merikebu, na James Martin, mfungwa aliyetoroka naye, ambaye maelezo yake yamehifadhiwa London. Mary hakutuachia maelezo ya maisha yake. Sisi wa Kenya jambo hili si geni kwetu. Mekatilili wa Menza alipokamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii, walioandika habari zake ni maofisa waliomhamisha. Lakini yeye alikuwa na Wagiriama wa kumsimulia. Mary alirudi Cornwall bila mume, bila mtoto, na baada ya mwaka 1794 hatuoni tena habari zake za hakika.

Basi yule anayetuambia tutosheke na hukumu anatutaka tumwachie mshitaki peke yake kazi ya kuandika maisha ya mtu. Mimi sikubali, wala sitaki wanafunzi wangu wakubali.

Kuna kitu kimoja kilichotoka mkononi mwake mwenyewe. Huko Sydney wafungwa walikuwa wakichemsha majani ya mmea wa porini badala ya chai. Mary aliyachukua majani hayo katika mashua, akayapitisha Timor, Batavia na Newgate, kisha akampa Boswell. Zaidi ya miaka 100 baadaye yalikutwa katika karatasi zake, yamekauka.