Kanda Haiulizwi Swali

Ipo desturi katika shule zetu ambayo yafaa itazamwe upya. Mwanamuziki hualikwa siku ya sherehe, huimba nyimbo tatu au nne, hupigiwa makofi, kisha hukusanya ala zake akaenda zake. Wanafunzi hubaki na sauti masikioni, lakini elimu iliyomo katika nyimbo huondoka pamoja na mwenyewe.

Hasara hii ni kubwa zaidi katika mahali kama Kipevu. Wadi hii ya Changamwe yajulikana kwa mitambo ya umeme na gati la mafuta. Panapozungumzwa sanaa haitajwi. Ilhali ng'ambo tu ya daraja ndiko Mvita, mji ulioilea taarabu kwa miaka mingi.

Taarabu haikuwa kamwe muziki wa kusikilizwa kwa mbali. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akamtuza mwimbaji, na waliohudhuria hujua kwamba ubeti ule umepelekwa kwa mtu. Lakini fumbo lenyewe huhitaji kufumbuliwa, na anayelifumbua vyema ni aliyelitunga au aliyeliimba. Mohamed Khamis Juma Bhalo alifariki mwaka 2014. Zein l'Abdin, stadi wa udi mzaliwa wa Lamu, alimfuata mwaka 2016. Kanda zao tunazo, tena tunazipenda. Kanda, hata hivyo, haiulizwi swali.

Shaaban Robert aliutambua ukweli huu mapema. Alikutana na Siti binti Saad na kuzungumza naye kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, akaandika wasifu wake. Lau si mazungumzo hayo, huenda leo tungekuwa na santuri za Siti bila ya kumjua Siti mwenyewe.

Tunapendekeza basi kwamba shule za Kipevu na jirani zake zitenge nusu saa baada ya kila onyesho. Walimu wa Kiswahili na wa muziki wawatayarishe wanafunzi mapema: Wimbo huu ulitungwa kwa sababu gani? Neno hili la Kimvita lina maana gani? Udi hutiwaje nyuzi? Majibu yanaswe na kuhifadhiwa katika maktaba ya shule. Naye msanii alipwe kwa nusu saa hiyo kama alivyolipwa kwa kuimba, kwani maarifa yake ni kazi vilevile.

Watakuwako watakaosema kwamba muda ni mchache na mitihani i karibu. Tunawauliza: ushairi si sehemu ya somo la Kiswahili? Mwanafunzi aliyemsikia mwimbaji akieleza vina, mizani na mafumbo kwa kinywa chake hatahitaji kukariri maelezo ya mtu mwingine.

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wapo wazee wa fani hii ambao bado tunao. Tuwaulize wangali wanaweza kutujibu.