Mhandisi wa Majengo na ngazi ya kuwa mwanaanga

KIJANA wa Majengo, mjini Dodoma, anayetamani kuwa mwanaanga anaanzia pale anapoanzia kila mhandisi: hesabu, fizikia, kisha shahada. Swali ni iwapo ngazi hiyo, akiipanda yote, itamfikisha juu.

Masharti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yako wazi. Mhandisi anatakiwa awe na shahada ya uzamili, uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu na afya ya kuhimili safari. Mwaka 2025 walichaguliwa watu 10 kati ya waombaji zaidi ya 8,000.

Bidii nayo huzaa matunda. José Hernández, mhandisi wa umeme aliyezaliwa na vibarua wa mashambani California, alikataliwa mara 11 kabla ya kuchaguliwa mwaka 2004. Aliruka mwaka 2009.

Hata hivyo, Hernández alikuwa na kitu ambacho kijana wa Majengo hana: uraia wa Marekani. Asiye raia hapokelewi, na sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akiutafuta wa huko, anaupoteza wa nyumbani.

Ipo njia ya kampuni binafsi. Mhandisi wa Misri, Sara Sabry, aliruka na Blue Origin mwaka 2022, lakini ilikuwa safari ya dakika chache kwa nafasi ya ufadhili, si ajira.

Njia ya tatu ni ya mataifa. India ilirushiwa setilaiti yake ya kwanza na Wasovieti mwaka 1975. Mwaka 1984 raia wake, Rakesh Sharma, alipanda chombo cha Wasovieti hao hao kwa makubaliano ya serikali mbili.

Majirani wameshaanza na setilaiti. Wahandisi watatu wa Uganda waliosomea Japan walitengeneza PearlAfricaSat-1, iliyorushwa mwaka 2022. Kenya ikafuata na Taifa-1 mwaka 2023.

Kwa hiyo kikwazo cha kijana huyu si akili wala umaskini pekee. Mhandisi mmoja hawezi kusaini mkataba wa anga za juu. Nchi ndiyo husaini. Na Bunge linalopitisha bajeti ya nchi haliko mbali naye: liko Dodoma hiyo hiyo.