Mtutu Mkuukuu na Msasi wa Makunduchi

Wengi huamini kuwa bunduki iliyotumika miaka mingi hupoteza shabaha, na kwamba msasi hana budi kuubadili mtutu wake. Kwa mazingira ya Makunduchi, imani hiyo naiona haina msingi. Ila ipo hatari nyingine inayosahauliwa.

Kinachoula zaidi mtutu wa raifeli si risasi, bali ni gesi ya baruti, ambayo joto lake hupita lile la kuyeyushia chuma. Gesi hiyo huugusa mtutu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hata hivyo kila mlio humega chembe, hasa pale risasi inapoanzia safari yake. Mtutu wa kuwindia hustahimili milio elfu kadhaa. Na tuseme 2,000 tu: msasi apigaye risasi 20 kwa mwaka atahitaji miaka 100 kuumaliza.

Na hata ukichakaa? Tuchukue mtutu unaotawanya risasi kwa dakika 4 za pembe (dakika 60 ni digrii 1). Kwa masafa ya mita 100, mtawanyiko huo ni sentimita 12 hivi. Lakini ni nani aonaye mita 100 katika vichaka vya maweni, ambamo mbwa humtoa paa ghafula mbele ya msasi? Kwa mita 30 ni sentimita 3.5, mwanafunzi na akokotoe mwenyewe. Bunduki ya marisau, ambayo mtutu wake ni laini ndani, haimo kabisa katika hesabu hii.

Hatari ni kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na gobori huzidisha balaa, kwani baruti yake ya shura, makaa na kiberiti huacha masizi yavutayo unyevu. Kutu huchimba vishimo, ukuta wa mtutu hupungua, na siku moja hupasuka karibu na jicho la mwenyewe. Mtutu wa namna hiyo usipigwe tena, hata ukiwa na shabaha njema. Kinga yake ni maji ya moto, kitambaa kikavu na mafuta kidogo, jioni ile ile.

Lipo na jambo la tatu, nalo kwangu ndilo zito. Paa nunga, ambaye jina lake la kisayansi la mwaka 1918 linamkumbuka Dk. Mansfield-Aders wa Zanzibar, hupatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, naye yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini. Msasi arudipo mikono mitupu hulaumu mtutu. Mimi ningehesabu kwanza paa waliobaki kati ya Makunduchi na Mtende.